Shangazi, lundo letu la mboji limeoza na wenzangu wanataka tubuni namba

Shikamoo Shangazi,

Nasoma mwaka wa tatu wa shahada ya uendelevu. Kila nikitaja jina la kozi yangu naulizwa, "Ndiyo nini hiyo?" Mpaka muhula huu nilikuwa na jibu. Sasa hivi sina.

Tuna somo la vitendo ambalo alama zake zinazidi za masomo mengine yote ya muhula. Kila kikundi kinachagua tatizo moja la chuo chenyewe, kinalipima, kinajaribu kulitatua, kisha kinaandika ripoti. Sisi tuko sita. Tulichagua mabaki ya chakula ya jiko la bweni: badala ya kupelekwa jalalani, yageuke mboji ya bustani za chuo. Tulipewa kona nyuma ya jiko, tukaazima mizani, tukanunua kipimajoto kirefu cha kuchoma ndani ya lundo, tukaanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya tano kipimajoto kilionyesha nyuzi 58, na tulipofukua katikati mvuke ulitoka kama wa sufuria. Tukapigana picha. Kwa siku 23 tulipima kila tulichomwaga, jumla kilo 276. Majani makavu tuliweka magunia mawili, yale tuliyokusanya siku ya kwanza. Halafu mvua zikaanza, na lundo hatukuwa tumelifunika. Joto likashuka mpaka nyuzi 31, ikaanza harufu ya mayai viza, inzi wakajaa. Wanafunzi wa bweni la jirani wakalalamika. Wiki ya saba uongozi ukaleta gari, lundo zima likazolewa na kupelekwa jalalani, kulekule tulikosema tunayaepusha mabaki hayo. Nilisimama pale nikiangalia mpaka gari likaondoka.

Kufikia siku hiyo tuliokuwa tunakwenda ni wawili tu. Wanne walikuwa na sababu kila siku. Na kuna mama mmoja wa usafi alituambia mapema kwamba mifuko ya usiku ina majimaji, lakini tulikuwa tunawahi kipindi, hatukukaa kumsikiliza.

Ripoti inatakiwa baada ya wiki tatu. Mwenzetu mmoja amependekeza tuandike kwamba mradi ulipunguza taka za jiko kwa asilimia 40, na tuweke zile picha za wiki ya kwanza. Anasema mhadhiri hajawahi kufika pale, hatajua. Watatu wamekubali. Mimi sijajibu.

Nyumbani nako ni moto. Baba alisikia habari za lundo akaniuliza, "Nimekupeleka chuo kikuu ukapekue takataka?" Anataka nihamie uhasibu mwaka ujao, na nikisema ukweli, baadhi ya siku naona ana haki. Sikwenda chuo ili niishie kushindwa na maganda ya matunda.

Nifanye nini na ripoti? Na nihame au nisihame?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

*

Marahaba, binti yangu.

Nianze na ripoti, maana ndiyo yenye tarehe. Hiyo asilimia 40 usiiandike, na jina lako lisikae kwenye karatasi yenye namba hiyo.

Kwanza jiulize: asilimia 40 ya nini? Ili mtu aseme amepunguza taka kwa kiasi fulani, lazima awe alipima taka zote za jiko lile kabla hajagusa kitu, siku za masomo na siku za mapumziko, kisha akapima tena baadaye kwa namna ileile. Nyinyi mlipima kilichoingia kwenye lundo tu. Kilichobaki kwenye mapipa hamkijui. Mhadhiri hana haja ya kufika nyuma ya jiko, swali hilo moja linatosha kuwaangusha. Njia ya mwongo ni fupi. Na hata kama hatauliza, fani mliyoichagua imesimama juu ya vipimo ambavyo watu wengine watavitegemea wakiwa hawana uwezo wa kuvirudia. Anayezoea kubuni namba za takataka akiwa chuoni, kesho ataletewa namba za maji ya kisima. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu nimesimamia miradi ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, na ripoti zilizonisikitisha hazikuwa zile za miradi iliyokufa. Zilikuwa zile nzuri mno.

Sasa tuliangalie lundo lenyewe, maana barua yako ina karibu kila kitu kinachohitajika kueleza kilichotokea, na sidhani umeliona hilo.

Bakteria wanaogeuza taka kuwa mboji wanahitaji kaboni kwa ajili ya nguvu na naitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao. Uwiano unaowafaa ni karibu sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya naitrojeni. Mabaki ya jikoni yako chini ya hapo, mara nyingi karibu na 15. Majani makavu yako juu sana, yanaweza kufika 60 na kupita. Ndiyo maana vinachanganywa, na ukipima kwa ndoo, kanuni ya wakulima wengi ni ndoo 2 au 3 za vikavu kwa kila ndoo 1 ya mabaki mabichi. Kilo 276 za mabaki ya jikoni, kwa makadirio, ni kama nusu mita ya ujazo. Kwa hiyo mlihitaji angalau mita moja nzima ya ujazo ya majani makavu. Gunia lililojazwa majani bila kushindiliwa hubeba kama sehemu ya kumi ya hiyo. Yaani magunia kumi kwa uchache. Mliweka mawili.

Zile nyuzi 58 za siku ya tano zilikuwa za kweli. Lundo lilikuwa bado dogo, magunia mawili yalikuwa yanatosha, hewa ilikuwa inapita. Joto la nyuzi 55 kwenda juu likidumu siku kadhaa huua vimelea vingi vya magonjwa, kwa hiyo mlikuwa mmefika mahali pazuri kabisa. Halafu mkaendelea kumwaga vibichi bila kuongeza vikavu, mvua ikaja, maji yakajaza matundu ambayo hewa ilikuwa inapita. Bakteria wanaohitaji oksijeni wakapungua, wakashika nafasi wale wasioihitaji, na hao ndio wanaotoa gesi ya salfa yenye harufu ya mayai viza. Hutoa pia methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hulipasha joto anga takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa hewa ukaa. Andika na hilo: kwamba lundo lenu, katika wiki zake za mwisho, huenda lilikuwa linafanya kilekile mlichokuwa mnakikimbia jalalani, yaani kutoa methani.

Kuna jaribio moja dogo ambalo lingewaonya mapema. Ukichukua konzi ya mchanganyiko kutoka katikati ya lundo na kuikamua kwa nguvu, inatakiwa itoke tone moja au mawili kati ya vidole, kama sponji iliyokwisha kukamuliwa. Maji yakitiririka hadi kwenye kiwiko, lundo limelowa kupita kiasi: ongeza vikavu, geuza, funika kwa turubai. Maji yasipotoka kabisa na mchanganyiko ukipukutika, nyunyiza. Mlinunua kipimajoto kirefu, na konzi hamkukamua.

Hayo ni ya bakteria. Sasa nije kwenye sentensi iliyonifanya nichague barua yako kati ya zote za wiki hii. "Kuna mama mmoja wa usafi alituambia mapema kwamba mifuko ya usiku ina majimaji." Umeiandika katikati ya malalamiko juu ya wenzako wanne, ukaipita.

Binti yangu, hiyo ndiyo ripoti yako. Mama huyo hubeba mifuko hiyo kila siku. Anajua mfuko wa asubuhi una uzito gani na wa usiku una uzito gani, kwa mgongo wake. Anajua jikoni wanamimina wapi mchuzi uliobaki sufuria zikioshwa, ni siku gani vijiko vya plastiki vinaingia, nani anafunga mfuko vizuri na nani haufungi. Alisimama akawaambia sababu ya lundo lenu kufa kabla halijafa, na nyinyi mkawahi kipindi, labda cha somo hilihili. Sisemi hivi kukuumiza. Hata mimi niliwahi kumpita mtu wa aina hiyo mara nyingi kabla sijajifunza kusimama.

Mtafute wiki hii. Usiende na dodoso. Nenda saa anayofanya kazi, umsaidie kubeba mfuko mmoja, halafu umuulize alimaanisha nini. Muombe ruhusa ya kuyaandika atakayokuambia, na muulize kama angependa atajwe kwenye ripoti au la. Kisha pimeni mifuko ya asubuhi na ya usiku kando kando kwa siku saba, mabaki mabichi kivyake, majimaji kivyake, plastiki kivyake. Mna wiki tatu, siku saba zinapatikana. Hapo mtakuwa na kile mlichokosa mwanzoni: kipimo cha kuanzia.

Mwaka 1984 David Kolb, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba kujifunza kwa vitendo ni mzunguko wa hatua nne: unatenda, unakaa kutafakari kilichotokea, unaunda wazo la kueleza kwa nini, kisha unalijaribu wazo hilo kwa tendo jipya. Masomo mengi yanayoitwa ya vitendo hukomea kwenye hatua ya kwanza. Wanafunzi wanavaa glavu, wanachimba, wanapiga picha, muhula unaisha. Gari la chuo lilipobeba lundo lenu, mlikuwa mmemaliza hatua hiyo moja tu. Tatu bado ziko mikononi mwenu, na hazina harufu.

Tena usidhani kushindwa ni kwa wanafunzi peke yao. Chuo cha Oberlin, Marekani, kilifungua mwaka 2000 jengo la masomo ya mazingira lililosifiwa dunia nzima. Profesa David Orr ndiye aliyelipigania, na wanafunzi walishiriki mashauriano tangu mwanzo. Lilikuwa na paneli za jua juu ya paa na mfumo wa mimea wa kusafisha maji machafu. Miaka ya mwanzo likatumia umeme mwingi kuliko lilivyozalisha, na aliyesimama kulisema hilo hadharani, kwa namba, alikuwa profesa wa fizikia wa chuo hichohicho. Palikuwa na mabishano makali. Lakini vipimo vilikuwepo, mitambo ikarekebishwa, na mwaka 2006 paneli nyingine nyingi zikawekwa juu ya maegesho ya magari. Fikiria kama mwaka wa kwanza mtu angeandika namba ya kupendeza na kila mtu akaenda zake nyumbani.

Lipo jambo jingine, nalo si kosa lenu hata kidogo. Muhula haufiki miezi minne. Mboji ya kawaida, kuanzia kumwaga mpaka ikomae iwe nyeusi, laini na yenye harufu ya udongo wa msituni, huchukua miezi mitatu hadi sita, wakati mwingine zaidi. Mlipewa kazi isiyoisha ndani ya muda wake, na sijaona kwenye barua yako kwamba yupo mtu wa kuipokea. Hapa ndipo vyuo vingi vinapokosea. Niliwahi kusimamia vikundi vitatu, miaka mitatu mfululizo, vilivyopima bomba moja lililokuwa likivuja nyuma ya maabara. Kila kikundi kiliweka chupa, kikashika saa, kikapata jibu lilelile: lita 1 kila dakika 20. Hiyo ni lita 72 kwa siku, zaidi ya lita 26,000 kwa mwaka. Kila kikundi kilipata alama nzuri. Msichana mmoja wa kikundi cha tatu akauliza, "Kwani fundi bomba anajua?" Hakuna aliyekuwa amemwambia, nikiwemo mimi. Akaenda na karatasi yake, fundi akaja na mpira mpya wa bomba, na kabla ya saa sita mchana maji yakawa yamekoma. Tangu siku hiyo sikukubali ripoti isiyokuwa na ukurasa wa makabidhiano: nani anapewa matokeo, na kikundi kijacho kianzie wapi.

Kwa hiyo yenu iwe nao. Andikeni siku 23 za vipimo jinsi zilivyo, joto la kila siku, tarehe mvua ilipoanza, hesabu ya magunia, maneno ya mama wa usafi, na siku saba mpya. Kisha andikeni kile mngefanya tofauti: turubai tangu siku ya kwanza, vikavu vikusanywe na kuhifadhiwa kabla ya mabaki kuanza kuingia, lundo likae mbali na madirisha, na mazungumzo na wakazi wa bweni yafanyike kabla ya harufu, si baada yake. Hilo la mwisho mliruka kabisa, na ndilo lililoleta gari. Kwa wastani wa kilo 12 kwa siku mlizokuwa mkimwaga, kikundi cha mwaka ujao kinaweza kupanga kila kitu bila kubahatisha. Zile picha za wiki ya kwanza wekeni, ilimradi chini yake iandikwe siku ya tano, nyuzi 58, na ukurasa unaofuata uwe na nyuzi 31.

Kuhusu wale wanne nitasema machache. Waite wote mahali pamoja, waambie hutasaini namba ya kubuni, na uwape kazi zenye jina na tarehe kwa hizi wiki tatu. Aliyeanza kuchoka kwa sababu ya aibu atarudi akiona kuna kazi ya kweli ya kufanya. Asiyerudi, ripoti iseme nani alifanya nini. Wakishikilia ile asilimia 40, nenda kwa mhadhiri kabla ya tarehe, na uwaambie kwamba unakwenda. Itakuwa siku ngumu, najua.

Sasa baba yako. Usimjibu kwa hasira, maana swali lake lina hofu ndani yake: anaogopa umalize shahada ukae nyumbani. Mpe jibu la watu wazima. Mwambie kwamba mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa chini ya Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway wakati huo, ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni kutimiza mahitaji ya leo bila kuwanyima wa kesho uwezo wa kutimiza yao, na kwamba mwaka 1990 wakuu wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, wakaahidi kuyafundisha hayo na kuyatenda ndani ya vyuo vyao wenyewe. Kwa hiyo taka za jiko la bweni ni darasa lililokusudiwa, hukutupwa huko kwa bahati mbaya.

Halafu mwambie hili, ambalo nadhani litamfurahisha. Uhasibu anaoutaka umeanza kuja upande wako. Tangu mwaka 2001 upo utaratibu wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto za taasisi, yaani gesi zinazopasha joto anga, ukizigawa katika mafungu matatu: zinazotoka kwenye mitambo na magari yake, za umeme inaonunua, na za shughuli nyingine zote zinazoizunguka, taka zikiwemo. Na Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya taarifa za uendelevu, iliyo chini ya taasisi ileile inayosimamia viwango vya kimataifa vya uhasibu vinavyoitwa IFRS, ilitoa viwango viwili, S1 na S2, vya namna kampuni zinavyotakiwa kueleza hatari za uendelevu na za tabianchi. Hizo ni hesabu zinazoweza kukaguliwa, na zinahitaji mtu aliyewahi kushika mizani na anayejua namba ya kweli inapatikana kwa jasho gani.

Kwa hiyo kuhama? Usiamue mwezi huu. Ukifika mwisho wa muhula, ripoti ikiwa imeshatoka mikononi mwako, jiulize kama ulikuwa unachukia kazi au ulikuwa unaona aibu. Hivyo ni vitu viwili, na kwa sasa vimechanganyika. Ukigundua kwamba hukupenda hata siku moja kati ya zile 23, hama kwa amani, uhasibu ni kazi njema. Lakini uliponiandikia habari za mvuke uliotoka kama wa sufuria, sikusoma chuki pale. Njia ya kati pia ipo: ulizia ofisi ya masomo kama unaweza kuchukua masomo mawili matatu ya uhasibu kama ya hiari ukiwa hapohapo ulipo.

Kwa sasa anza na mama wa usafi. Niandikie ukishaonana naye. Nataka sana kujua ile mifuko ya usiku ina nini, na anasema jikoni wangeweza kuuchuja wapi ule mchuzi kabla haujafika kwenye mfuko.

Shangazi